Mkamwana Wangu Anashinda kwa Biskuti Asizozioka

Shangazi,

Naanza na wewe kabla sijafika kwangu. Wiki iliyopita kuna mama alikuuliza kama ni vibaya kumpelekea mama mkwe zawadi ya kununua, ukamjibu kwamba zawadi ni zawadi, hata ikitoka dukani na bei bado imebandikwa. Nani alikutuma useme maneno hayo? Mkamwana wangu anasoma gazeti hili, tena anaanza na ukurasa wako kabla ya ule wa vifo, na sasa umempa kibali. Ungekuwa karibu ningekuvuta sikio. Lile neno la mpendwa la kufungulia barua nitakuandikia hasira zikiisha, sasa hivi naomba msaada tu na usinikatize.

Nakuita Shangazi kwa sababu gazeti linakuita hivyo, ila kwa umri huenda ningekuzaa. Shule niliishia darasa la tatu na barua hii naandika kwa mkono wangu mwenyewe, mwandiko ni mkubwa kwa sababu ya macho wala si ujinga, na mahali ambapo sijaweka nukta ujue nilikuwa sijamaliza kusema.

Nina watoto wawili, wa kiume ni dereva wa lori na wa kike ni fundi cherehani, na likizo ya mwisho wa mwaka wote huja kwangu, huyu na mkewe, yule na mumewe, na wajukuu juu yao, nyumba inajaa mpaka watoto wanalala kichwa huku miguu kule kama samaki wa kopo, na nyumba hiyo ina sheria moja niliyoiweka mimi, kwamba wakati wa likizo hakiingii kitu cha dukani. Kila anayekuja alete alichokitengeneza kwa mikono yake, kiwe kitambaa cha meza, kiwe kadi iliyokatwa kwenye boksi la sabuni, sichagui. Mwanangu dereva alinitengenezea kigoda kinachoyumba hivi kwamba lazima nikunje gazeti lako nilitie chini ya mguu mmoja ndipo kitulie, lakini ndicho ninachokikalia nikiandika barua hii, kwa sababu ni mkono wake.

Sheria hiyo sikuiota usingizini. Zamani kidogo kaka mtu alikuja na redio kubwa iliyofungwa kwa karatasi ya kung'aa, watu wote macho huko, na dada mtu ambaye ndio kwanza alikuwa anajifunza kushona kwenye cherehani ya kuazima alikuwa amenishonea mfuko kwa vipande vya nguo, akaiona ile redio, akauficha mfuko wake nyuma ya kabati la vyombo. Niliukuta wageni wameshaondoka, nafagia, naona kitu chekundu. Nikakaa nao sakafuni pale pale, na nilipoinuka sheria ilikuwa imeshapita.

Sasa jioni ya kwanza ya likizo ni jioni ya biskuti. Makopo yote yanapangwa mezani, nami najifunga macho kwa kilemba changu ili mtu asije akasema nampendelea wa tumboni mwangu, naonja, nasema ukweli wangu, na mshindi anakabidhiwa mwiko wangu wa mti aende nao kwake mpaka likizo nyingine. Mwiko huo haujalala kwa binti yangu hata mara moja. Anaouchukua ni mkamwana, mke wa dereva, ambaye ni muuguzi, kila mwaka yeye, mpaka siku hizi akifika anaurudisha bila kuufungua kwenye karatasi niliyoufungia mimi.

Na binti yangu anaoka kwa mapishi yangu, niliyomfundisha akiwa hafikii meza. Unga, maji, tangawizi nyingi, sukari ya kuombea radhi na siagi ya ncha ya kisu. Biskuti hiyo niliitunga kwa ajili ya marehemu mume wangu, alikuwa fundi wa reli, akiondoka haonekani siku nyingi, na biskuti ilitakiwa ikae mfukoni na nyundo isivunjike. Haikuwahi kuvunjika. Mimi mwenyewe niliacha kuoka magoti yalipoanza kugoma, nikamwachia yeye, naye kila mwaka ananiletea kitu ambacho nikiuma natamani kumwita daktari.

Ya mwaka jana ndiyo yaliyonileta kwako. Nimefungwa macho, nikachukua ya kwanza, nikauma, ikagoma. Nikaigeuza upande wa pili, ikagoma. Nikasema, "Hii imeokwa au imefyatuliwa? Nani kaniletea tofali?" Watu wakacheka. Mjukuu wangu mmoja, tunamwita Kiroboto kwa sababu hatulii, akasema, "Bibi, ukiichovya kwenye chai halafu ukaenda kucheza, ukirudi inakubali." Wakacheka zaidi. Binti yangu akasema taratibu, "Ni yangu, mama." Nami nikamjibu, "Najua ni yako, nani mwingine? Hebu nipeni ya watu wanaojua kuoka."

Nikapewa ya pili. Shangazi, ile ya pili iliingia mdomoni ikakaa kama mgeni mwenye adabu, siagi kwanza, halafu harufu ya ganda la chungwa, halafu imekwisha, unabaki unatafuta imekwenda wapi. Nikafungua macho nikasema, "Mkamwana, mama yako alikulea." Mwanangu dereva akapiga meza kwa furaha kama amezioka yeye. Binti yangu akachukua moja kwenye lile kopo, akaila yote polepole, akasema, "Ni tamu kweli, wifi," kisha akaenda kuosha vyombo. Asubuhi aliondoka kabla ya chai.

Mwaka huu amenitumia ujumbe. "Mama, likizo hii hatutakuja, nina sare nyingi za shule za kushona." Sare za shule hushonwa wakati wa likizo, hilo silikatai, lakini miaka yote alikuwa anakuja na cherehani yake ya mkono anashonea hapa hapa barazani kwangu, wajukuu wanamshikia uzi. Kitanda chake nilikuwa nimeshakitandika. Nikakitandua. Jana nikakitandika tena, sijui kwa nini, shuka lilikuwa safi tu.

Sasa sikiliza mwenyewe. Juzi nilikwenda kliniki kwa ajili ya magoti, kliniki hiyo hiyo anayofanya kazi mkamwana ingawa siku hiyo alikuwa mapumzikoni, foleni haisogei, njaa ikanipata, nikavuka barabara kwenye kiduka cha ng'ambo. Juu ya meza kuna chupa kubwa ya kioo ina biskuti. Nikachukua moja, nikauma, nikasimama. Siagi kwanza. Ganda la chungwa. Imekwisha.

Nikamuuliza mwenye duka, "Kijana, hizi unazitoa wapi?"

Akasema, "Nzuri, eh? Analeta mama mmoja fundi cherehani, anakaa kule nyuma ya stendi. Ana alama ya pasi hapa kwenye mkono."

Alama ya pasi naijua, Shangazi. Niliipaka dawa mimi.

Nikashika meza. Nikamuuliza, "Zinanunuliwa?"

"Hazilali. Hata muuguzi mmoja wa hapo kliniki, likizo ikikaribia anabeba kopo zima, anasema mama mkwe wake hali nyingine. Huyo bibi anasemekana ni mkali."

Nikamwambia, "Anasemekana na nani?" Akanitazama, akatazama uso wangu vizuri, akaanza kupanga sabuni ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Nikanunua zilizobaki zote, akanitilia kwenye kopo, nikarudi nyumbani, magoti sikuyaonyesha kwa mtu.

Kwa hiyo uone nilivyozungukwa. Mkamwana ananiletea cha dukani ndani ya kopo la nyumbani, tena kwenye nyumba yenye sheria. Binti yangu anaoka biskuti za ajabu anawapa watu wa barabarani, mimi mama yake ananiletea tofali. Na lililoniuma kuliko yote ni kwamba alijua. Mtu hawezi kula biskuti aliyoioka mwenyewe asiijue. Alikaa pale, akaila kutoka kwenye kopo la wifi yake, akanisikia nikiimwagia sifa, akanyamaza. Alikuwa ananicheka moyoni, nini kingine?

Nimeamua hivi. Lile kopo la dukani ninalo kabatini. Jioni ya biskuti nitaliweka katikati ya meza, nitamwita mwenye duka aje kama shahidi, na nitawauliza wote wawili mbele ya waume na watoto wao. Huyo fundi wa sare nitatuma kaka yake akamlete na lori, cherehani na yeye juu yake. Ninachotaka uniambie ni kimoja tu, nianze na yupi, mwongo au msiri? Na usiniambie niombe msamaha kwa mtu. Mimi nilionja, nikasema nilichoonja, ulimi wangu haujawahi kusema uongo hata baada ya meno ya mbele kuondoka.

Neno la mpendwa utalipata nikiona jibu lako.

Bibi Mwenye Kilemba

*

Shikamoo, Bibi.

Sikio nimelisogeza, vuta. Ila jibu langu la wiki iliyopita silifuti, na ukimaliza kusoma haya utajua kwa nini. Gazeti utakalolisoma usilitie chini ya kigoda kabla hujafika mwisho.

Umeniuliza uanze na yupi. Utaanza na wewe.

Nimeisoma barua yako mara kadhaa, na kila nikifika kwenye binti yako anayekula biskuti yake kutoka kwenye kopo la mwenzake, nashindwa kuelewa umeona wapi kicheko. Hebu mtazame tena, safari hii bila kilemba. Ameitwa mfyatua matofali mbele ya mumewe na watoto. Dakika hiyo hiyo mama yake anasifu kazi ya mikono yake kwa jina la mtu mwingine. Alihitaji kusema neno moja tu, mwiko ungekuwa wake, na wifi yake angebaki hana pa kuuweka uso katika nyumba yenye sheria kama yako. Hakulisema. Alisema, "Ni tamu kweli, wifi," akaenda kuosha vyombo vyenu. Bibi, huyo hakukucheka. Huyo alimfunika mke wa mwanao, akabeba aibu iliyokuwa ya mtu mwingine, na wewe ukamwongezea.

Sasa njoo kwenye tofali. Unalalamika kwamba anawapa watu wa barabarani biskuti laini na wewe anakuletea ngumu. Umeniandikia sababu mwenyewe: unga, maji, tangawizi, siagi ya ncha ya kisu. Hayo ni mapishi ya nani? Mwanao anajua siagi inakaa wapi, duka zima ni shahidi wake, na shahidi huyo umeshamhoji. Lakini kila likizo anauweka ujuzi wake pembeni, anaoka ile uliyomfundisha akiwa hafikii meza, bila kuongeza wala kupunguza, kwa sababu ni yako na anakuheshimu. Nawe kila mwaka, umejifunga macho, unatema mapishi yako mwenyewe na kumsimanga aliyekuletea.

Ulimi wako hauna kosa, hilo nakupa. Umekuwa ukionja ukweli mwaka hadi mwaka. Biskuti yako ilitungwa kwa mtu wa reli aliyeweka nyundo mfukoni, na alikuwa na meno yote. Kwako wewe wa leo haifai, na hakuna aliyethubutu kukuambia, maana unayaita maneno yako ukweli na ya wengine unayaita ujeuri.

Kuhusu mkamwana, ndiyo, amedanganya, sikatai. Lakini hebu jiulize kwa nini. Mtu anashinda wodini na wagonjwa, anarudi miguu imevimba, na likizo inamkuta na mama mkwe anayeweka meza kama mahakama. Alinunua biskuti kwa kukuogopa, na kwa bahati yake akanunua nzuri kuliko zote mjini. Angejua tangu mwanzo kwamba kitu cha dukani kingepokelewa kwako sawa na cha kuokwa, asingehangaika kuhamisha makopo. Ndilo nililomjibu yule mama wa wiki iliyopita, na ndilo ninalokujibu wewe.

Na sheria yako. Uliiweka kwa sababu ya msichana aliyeficha mfuko wake nyuma ya kabati asione haya mbele ya redio ya kaka yake. Ilikuwa sheria nzuri, iliyowekwa na mama mzuri aliyekaa sakafuni. Lakini msichana huyo huyo leo amejificha tena, safari hii amejificha mzima mzima, nyuma ya rundo la sare za shule, na aliyemsukuma huko ni meza yako. Kama sheria imemfukuza mtu iliyemlinda, kazi yake imekwisha. Shindano lifute. Watu wale, wasifu wanachokipenda, mwiko ukorogee uji.

Kopo lililo kabatini usilitoe mezani. Mwenye duka muache na sabuni zake. Ukimwaibisha mkamwana mbele ya mumewe na watoto, mwakani utatandua vitanda viwili. Mwite pembeni, mkiwa wawili tu, mwambie, "Mwanangu, ya dukani nimeyajua, yameisha." Akianza kulia, usimwache alie sana, mwambie akutazame magoti, maana kliniki ulikwenda ukarudi na biskuti. Huyo mikono yake inajua bandeji. Bandeji iliyofungwa vizuri ni kazi ya mikono kama kazi nyingine yoyote, na itakufaa kuliko kadi ya boksi la sabuni.

Kuhusu msamaha, umenikataza nisiutaje, nami naheshimu umri wako. Neno lenyewe najua lingekukwama kooni. Lakini kuna namna ambayo mtu aliyekulia jikoni kwako ataielewa haraka kuliko neno, na hiyo sikuachii uchague.

Usimtume mwanao dereva akamlete dada yake kama gunia la saruji. Usitume ujumbe. Kesho asubuhi, kabla hajatia uzi kwenye sindano, nenda kwake mwenyewe, na magoti yako hayo hayo. Akikukaribisha sebuleni, usikae. Pita jikoni, nawa mikono, vaa aproni yake, umwambie maneno haya na usiongeze la kwako: "Mwanangu, nifundishe kuoka zile za dukani." Kisha funga mdomo, kanda unga anavyokuelekeza yeye, na akikuambia siagi bado haitoshi, ongeza siagi.